Jinsi ya kuielewa Hagia Sophia ukiwa Bagamoyo: kamba, chungwa na kisu tu

Vijana wanaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Bagamoyo huwa wananijia na shida ileile. Mgeni yuko Kaole anaangalia magofu, ghafla anaanza kulinganisha na alichokiona Istanbul, anataja Hagia Sophia, lile kanisa la kale lililokuja kuwa msikiti, anataja kuba, anataja Bizanti, yaani dola ya Warumi wa mashariki, na kijana anabaki anaitikia ndio ndio huku hana cha kujibu. Sasa nimeamua niandike hapa vile ninavyowafundisha, maana hili jengo nalipenda kweli na naamini mtu yeyote anaweza kulielewa bila kupanda ndege.

Kitu cha kwanza, anza na paa. Usianze na wafalme. Wengi wanaanza kukariri majina na miaka, wanachoka kabla hawajafika kwenye jengo lenyewe. Ukishajua lile paa limesimamaje, historia inakuja yenyewe, kwa sababu mambo mengi yaliyolikuta hili jengo kwa zaidi ya miaka 1,400 yanazunguka kwenye kuba lake, limeanguka, likajengwa tena, likaanguka upande, likaegemezwa, na bado lipo.

Tafuta kamba ya mita 15 na nusu, ya katani ni nzuri zaidi kwa sababu ya nailoni inavutika ukiikaza, tepu ya kupimia, vijiti vitano, machungwa matatu yenye ganda nene kama yale yanayotoka Muheza, chenza dogo au ndimu kubwa, kisu kikali na mpira wa kufungia noti. Basi.

Nendeni ufukweni maji yakishakupwa, tena mkiweza subirini bamvua ili mchanga uwe mpana na mgumu. Chomeka kijiti kimoja katikati, funga kamba, mwenzako ashike ncha ya pili aikaze azunguke huku anachora mchangani kwa kijiti kingine. Duara mtakalopata lina upana wa mita 31, na huo ndio upana wa kuba la Hagia Sophia, wala usihangaike na sentimita kwa sababu lenyewe limejengwa tena vipande vipande mara kadhaa na leo sio duara kamili.

Bado hamjamaliza. Sasa chora mraba unaolizunguka lile duara, kila upande mita 31, duara liguse katikati ya kila upande. Wale mafundi walipima kwa futi zao za zamani na upande mmoja ulikuwa futi 100, ndio maana kwa mita inakuja namba ya ajabu ajabu. Ili ujue mraba umekaa sawa, pima kutoka kona mpaka kona inayotazamana nayo, zote mbili zije mita 43 na sentimita 84 hivi, zikipishana sana rekebisha. Kwenye zile kona nne chomeka vijiti vilivyobaki. Hivyo vijiti ndio nguzo kuu, minara mizito ya mawe.

Simama katikati ukae kimya kidogo. Mi kila mtu niliyemsimamisha pale ananyamaza mwenyewe. Hakuna nguzo karibu yako, ni wewe na uwazi wa mita 31 kutoka upande mpaka upande. Halafu inua macho. Kilele cha kuba kiko mita 55 hivi juu ya sakafu, na mnazi mrefu wa kawaida unafika kama mita 25, kwa hiyo ukipandisha minazi miwili mmoja juu ya mwingine bado hujagusa.

Sasa hapo hapo wakumbushe nyumba za zamani za mawe za pwani yetu. Vyumba vyake ni virefu ila vyembamba, upana kama mita 2 na nusu mpaka 3. Sababu ni boriti. Dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali zaidi ya hapo ikabeba chokaa na mawe yote yale bila kupinda, kwa hiyo mti ndio uliokuwa unaamua chumba kiwe na upana gani. Mtu akishalielewa hili la boriti anauelewa mara moja ugumu wa swali lililokuwa mbele ya wale mafundi wa Constantinople, yaani Istanbul ya leo, utafunikaje mita 31 bila kuweka nguzo katikati? Mti haufiki huko. Zege la nondo hakuna. Una tofali, mawe na chokaa.

Jibu ni kuba. Kifuu cha nazi ukikifudikiza na kukibonyeza juu hakivunjiki kirahisi, umbo lenyewe linausukuma mzigo kando na chini. Lakini hapo ndipo shida ya pili inapoanza, na hii ndio roho ya somo zima kwa hiyo usiikimbize. Kuba ni duara, chumba chini ni mraba. Angalia mchoro wako mchangani, duara limegusa kuta sehemu nne tu, kwenye kona zote kuba halina pa kukanyaga. Warumi wa kale walikuwa na kuba kubwa zaidi, lile la Pantheon kule Roma lina mita 43 hivi, ila wao walilikalisha juu ya ukuta wa duara mnene, wakalikwepa hilo swali. Sisi tunataka duara juu ya mraba.

Toa chungwa. Likate katikati, nusu moja ilaze kibapa kikiwa chini. Fikiria mraba ambao kona zake nne zinagusa ukingo wa hicho kibapa, sasa shusha kisu wima kwenye kila upande wa mraba, mara nne. Vipande vinne vya pembeni vinaanguka na unabaki na kitu chenye kitako cha mraba na mgongo wa mviringo. Kiangalie kwa ubavu. Umeona? Kila upande umekuwa tao, nusu duara safi kabisa, hakuna aliyelichora, limejitokeza lenyewe. Sasa laza kisu, kata bapa usawa wa vilele vya yale matao manne, ondoa kikofia cha juu. Juu umepata duara! Na kati ya tao na tao kwenye kila kona imebaki pembetatu iliyopinda, chini imechongoka, juu imepanuka. Hizo pembetatu nne kitaalamu zinaitwa pendentivu, na ndio zinazobadilisha mraba kuwa duara. Chukua nusu ya chenza au ndimu ambayo upana wake unalingana na lile duara, ikalishe juu. Hilo ndilo kuba.

Mara ya kwanza sio lazima ikubali, kata chungwa la pili. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kukata mraba mdogo katikati badala ya kona kufika ukingoni, matao yanaungana kama ukuta mzima na pembetatu hazionekani. Na nyama ya chungwa uifikirie kama haipo, jengo lenyewe ni tupu ndani, linalobaki ni ganda.

Ukimaliza fuata mzigo kwa kidole, na umtake kila mwanafunzi afanye hivyo kwa sauti: kuba linaikalia duara, duara linazikalia pendentivu, pendentivu zinaegemea matao manne, matao yanashuka kwenye nguzo nne, nguzo zinashuka ardhini. Mtu akiweza kusema huo mstari bila kukwama ameshajua nusu ya usanifu wa Kibizanti.

Nusu nyingine ni kusukuma. Kamua chungwa la tatu ubaki na kikombe cha ganda, kifudikize mezani, bonyeza juu kwa kiganja polepole. Ukingo unatanuka, halafu unachanika, na mpasuko unaanzia chini ukipanda juu. Kuba la tofali linafanya vilevile. Chukua ganda la nusu nyingine ulifunge mpira wa noti kwenye ukingo ubonyeze tena, litavumilia zaidi sana. Fundi wa leo angemwaga ringi bimu ya zege na nondo akalala usingizi. Wao walitumia uzito kujibu uzito: upande wa mashariki na magharibi wakaweka nusu-kuba mbili kubwa zinazoliegemeza kuba kuu, na chini yake vijikuba vidogo zaidi, yaani msukumo unashuka kwa ngazi. Kaskazini na kusini hakuna nusu-kuba, kuna matao na kuta za kuegemeza tu, na huko ndiko jengo lilikopinda zaidi, nguzo zimelala nje kidogo. Na madirisha 40 yamezunguka chini kabisa ya kuba, palepale ganda lako lilipochanika, kati ya dirisha na dirisha kuna ubavu wa tofali unaobeba. Mwanga ukipita kwenye hayo madirisha kuba linaonekana kama halijakalia kitu, na mwandishi wa zama hizo Procopius aliandika kuwa linaonekana kama limening'inizwa kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu.

Hapo ndipo pa kuingiza historia. Mnajua mashabiki wa mpira wanavyogawanyika kwa rangi, sasa Constantinople ya mwaka 532 ilikuwa imegawanyika kwa mbio za magari ya farasi, Bluu na Kijani. Mwezi Januari mwaka huo wale mahasimu wakaungana dhidi ya mfalme Justinian, wakapiga kelele ya "Nika", maana yake shinda, ile waliyokuwa wanawashangilia nayo waendesha magari wao, mji ukawaka moto na kanisa kuu likaungua. Hilo lilikuwa la pili pale pale. La kwanza lilizinduliwa mwaka 360 likaungua 404, la pili likazinduliwa 415. Justinian alipouzima ule uasi kwa damu nyingi sana akaanza kujenga la tatu tarehe 23 Februari mwaka huo huo, siku kama 40 tu baada ya moto, akawapa kazi Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, ambao walikuwa wataalamu wa hesabu na jometri. Likazinduliwa 27 Desemba 537. Chini ya miaka 6! Na jina lake lisikuchanganye, Hagia Sophia ni Hekima Takatifu, hapakuwa na mtakatifu anayeitwa Sofia aliyepewa hilo kanisa.

Hiyo haraka ina gharama yake. Kwa kweli hapa mi nilimuelewa babu mmoja fundi chokaa wa hapa mjini kuliko maelezo mengine yote. Nilimkuta anakarabati ukuta wa matumbawe, nikamuamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," nikamuonyesha picha kwenye simu, ukuta wa Hagia Sophia umebanduka unaona tofali na mota, na mota ni nene karibu sawa na tofali lenyewe, wengine wamepima ikawa nene zaidi. Akaitazama sana. Akasema, "Chokaa nene hivi inataka kuachwa ipumue, hawa walikuwa wanapandisha mzigo juu ya kitu kibichi." Na ndivyo ilivyokuwa. Ile mota ni chokaa iliyochanganywa na tofali lililosagwa, inashika vizuri sana ila taratibu, na mafundi wakaendelea kupandisha, matao yakalemea, nguzo zikaanza kulala nje kazi ikiwa bado inaendelea. Nguzo zenyewe ni za mawe, matao na kuba ni tofali.

Yakaja matetemeko, mwaka 553 na tena 557, na Mei 558 sehemu ya kuba ikaanguka. Wa kulijenga upya alikuwa Isidore Mdogo, mtoto wa ndugu wa yule wa mwanzo, na alichofanya unaweza kukionyesha kwa vipande viwili vya mbao. Viegemeze kama paa la banda, mwinuko mkali, vinasimama. Vipunguze mwinuko viwe karibu kulala, vinateleza kila kimoja upande wake. Kuba la kwanza lilikuwa la chini, limebonyea, kwa hiyo lilikuwa linasukuma nje kwa nguvu, Isidore Mdogo akalipandisha kama mita 6 au zaidi kidogo ili msukumo mwingi ushuke chini badala ya kwenda kando. Fundi yeyote wa kenchi hapa Bagamoyo angekwambia hivyo hivyo. Likafunguliwa tena Desemba 562. Baadaye upande mmoja ukaanguka mwaka 989, akaitwa fundi Muarmenia anayeitwa Trdat akautengeneza, na upande mwingine ukaanguka 1346. Ukiwa ndani leo unaangalia kuba la mikono ya vizazi vitatu tofauti.

Kuna jambo ambalo vijana wa hapa wanalijua bila kujua kwamba wanalijua. Hao watu hawakujiita Wabizanti, hilo ni jina walilopewa na wasomi baadaye sana, wenyewe walijiita Warumi, na ndio hao hao Warumi wa Surat Rum tuliyosoma chuoni. Yule Herekali anayetajwa kwenye utenzi wa zamani wa pwani kuhusu Tabuk ndiye Heraclius aliyetawala Constantinople mwaka 610 hadi 641, na alipokalia kiti Hagia Sophia ilishakuwepo miaka zaidi ya 70. Mi nikisema hivi darasani nyuso zinabadilika, kwa hiyo na wewe usiache kusema.

Mapambo pita haraka kama mgeni ana haraka, ila mambo mawili usiyaruke. Mawe ya mapambo yalitoka pande nyingi za himaya, marumaru nyeupe ya kisiwa cha Prokonnesos, ya kijani ya Thessaly, na lile jiwe jekundu la zambarau linaloitwa porfiri lilitoka Misri, na vibao vya marumaru vikapasuliwa na kufunguliwa kama kitabu ili mistari ya jiwe ifanane kulia na kushoto. La pili ni mozaiki. Zile sura za watu unazoziona kwenye picha sio za wakati wa Justinian. Kati ya 726 na 843, kwa vipindi viwili, picha za kidini zilipigwa marufuku na nyingi zikaharibiwa kwenye himaya yote, ile ya Maria na mtoto iliyo juu ya altare ilizinduliwa 867, baada ya ugomvi kwisha.

Halafu mabadiliko ya wenye jengo. 1204 askari wa Vita vya Msalaba kutoka magharibi, Wakristo wenzao, waliupora mji na kulipora kanisa, likawa la Kikatoliki mpaka 1261. Tarehe 29 Mei 1453 Sultani Mehmed wa Pili akauteka mji na likawa msikiti, minara minne ikaongezwa kwa nyakati tofauti, na karne ya 16 fundi mkuu Sinan akalizidishia kuta za kuliegemeza, mi naona bila yeye tungekuwa tunaongea habari za magofu. Kati ya 1847 na 1849 ndugu wawili wa Uswisi, Gaspare na Giuseppe Fossati, walilikarabati, na ndio wakati yale mabango manane ya mviringo yalipotundikwa, ya Allah, Mtume, makhalifa wanne, Hassan na Hussein. Likawa makumbusho kuanzia 1935, na 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Ukiongea na wageni hapa eleza ilivyokuwa, kila awamu kwa heshima yake, maana kwenye kundi moja unaweza kuwa na Muislamu, Mkatoliki na Muothodoksi na kila mmoja ana maumivu au furaha yake na hilo jengo.

Kuna alama moja ya mabadiliko ambayo watu wa hapa wanaielewa kuliko wageni. Madhabahu ya kanisa la zamani inaelekezwa mashariki. Kibla ya Bagamoyo iko karibu kaskazini kabisa, lakini ukiwa Istanbul Makka iko kusini na mashariki kidogo. Kwa hiyo ukisimama ndani ya Hagia Sophia ukaangalia pale altare ilipokuwa, mihrabu haikukaa katikati, imesogea kulia kidogo, na ukishaiona hiyo umeelewa mwaka 537 na mwaka 1453 kwa mtazamo mmoja bila kusoma kibao chochote.

Sasa wachukue wanafunzi wako Kaole, kilomita kama 5 kusini ya mji, na uwafanyishe kazi hiyohiyo. Kule kuna misikiti miwili, wa zamani unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi ya matumbawe na chokaa. Waulize, upana kati ya ukuta na ukuta ni hatua ngapi? Mihrabu inaangalia wapi? Tao lake mzigo wake unashukia wapi? Wapime, waandike, wabishane. Kisha rudini misheni, kwenye mnara wa kanisa la 1872 ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na kwenye kanisa kubwa lililojengwa 1910 mpaka 1914, muulizane maswali yaleyale. Atakayetaka kuona makuba ya kwetu ya kale aende Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kule mafundi wa pwani waliezeka kwa makuba na matao ya matumbawe, na Ibn Battuta alifika kisiwani mwaka 1331.

Siku ya kutembeza wageni mi huwa naweka machungwa mawili na kisu kwenye mfuko wa begi, pamoja na kitambaa cha kufutia mikono. Mgeni akitaja Hagia Sophia namwambia tukae kivulini kidogo, nalikata mbele yake, namwacha yeye mwenyewe afuate mzigo kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Zile nusu zilizobaki tunakula.